SOMO LA WIKI: Bei ya wiki moja katika shahada ya usimamizi wa miradi

WAFANYABIASHARA wanaojua kununua na kuuza ni wengi, na wengi wao hawakukaa darasani hata siku moja kujifunza biashara. Mwenye duka la jumla anajua bei ya leo ya mfuko wa sukari, anajua mteja gani anakopesheka na yupi ni maneno matupu, na anajua kiasi cha kubakiza kwenye droo kwa ajili ya chenji. Mtu wa namna hii akiambiwa kwamba kuna shahada ya biashara yenye mchepuo wa usimamizi wa miradi, na kwamba watu wanalipa ada kuisoma kwa miaka mitatu, huuliza swali ambalo ni haki yake: huko wanafundishwa nini asichokijua yeye?

Jibu fupi ni kwamba wanafundishwa kile kipindi ambacho duka halijafunguliwa. Kuna muda kati ya siku mkopo unapotoka benki na siku mteja wa kwanza anapolipa. Katika muda huo fedha inatoka na hakuna inayoingia, mafundi wanataka posho, mashine ipo njiani, kibali kipo mezani kwa ofisa fulani. Uzoefu wa kununua na kuuza hausaidii sana hapo, kwa sababu hakuna kinachouzwa. Na hapo ndipo mitaji mingi midogo inapofia.

Neno lenyewe linachanganya. Katika miaka ya 1980 na 1990 mtumishi wa Tanzania aliyesema ana "mradi" alikuwa na maana ya banda la kuku nyuma ya nyumba, ng'ombe wawili wa maziwa au friji ya barafu, yaani chochote cha kuongezea mshahara usiofika tarehe 15. Chuoni neno hilo lina maana nyembamba zaidi. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye bajeti yake, na inayofanyika mara moja. Kujenga banda la kuku ni mradi. Kufuga kuku ndani yake na kuuza mayai kila asubuhi ni biashara. Mtu anaweza kufaulu la kwanza na kushindwa la pili, na kinyume chake.

Mfano mkubwa zaidi wa tofauti hiyo katika ukanda huu ni reli ya TAZARA. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970, ukapita milima na mabonde kwa urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na reli ilikamilika mwaka 1975, kabla ya muda uliopangwa, kisha ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kama mradi, ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Kama biashara, reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka haikuwahi kufikia kiasi hicho, na kwa miaka mingi ilikuwa mbali nacho sana. Mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kuandika tu kwamba TAZARA ilifaulu, au kwamba ilishindwa, hupoteza alama zote mbili.

Yaliyomo katika masomo

Katika vyuo vya Tanzania shahada ya kwanza ya biashara kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Sehemu ya mwanzo ni ileile kwa wote: uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, takwimu, masoko na sheria ya mikataba. Mchepuo huja baadaye, na wa miradi huwa na upembuzi yakinifu, upangaji wa kazi na muda, ununuzi na zabuni, usimamizi wa hatari, na ufuatiliaji wa matumizi. Mwishoni kuna andiko la utafiti, ambalo litarudiwa chini kwa sababu lina kisa chake. Wenye shahada tayari wanaweza kusoma fani hii katika ngazi ya uzamili, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinaitoa bila kumtaka mtu aache shughuli zake. Anayetaka kujiandikisha popote na ahakikishe kwanza kwamba chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla hajalipa hata fedha ya fomu.

Uhasibu na masoko si vigeni kwa mfanyabiashara. Anachokuta kigeni kabisa ni namna ya kuupa muda bei, na hilo ndilo somo la leo.

Somo la kwanza katika upembuzi yakinifu ni kwamba shilingi ya mwaka kesho si sawa na shilingi ya leo. Mfanyabiashara anajua hivyo kwa maneno, lakini akipiga hesabu ya mradi huisahau. Chukua mtu aliyeambiwa aweke shilingi milioni 10 katika mradi utakaomrudishia milioni 4 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu. Haraka haraka atasema ametoa 10 akapata 12, faida milioni 2. Sasa tuseme fedha hiyohiyo ingeweza kukaa mahali salama na kuzaa asilimia 12 kwa mwaka. Milioni 4 za mwisho wa mwaka wa kwanza zina thamani ya leo ya shilingi 3,571,000 tu. Za mwaka wa pili ni 3,189,000. Za mwaka wa tatu ni 2,847,000. Jumla ni 9,607,000. Kumbe ametoa milioni 10 ili apate kitu chenye thamani ya leo pungufu ya hiyo kwa shilingi 393,000. Ile faida ya milioni 2 ilikuwa ni kungoja tu, na kungoja huko hakukulipwa vya kutosha.

Hesabu hiyo haitaki mwalimu wa chuo kikuu. Kikokotoo cha kawaida kinatosha: gawa kwa 1.12 mara moja kwa mwaka wa kwanza, mara mbili kwa wa pili, mara tatu kwa wa tatu. Kigumu ni kuchagua asilimia yenyewe. Anayetumia akiba yake atazame angepata nini kwingine, kwa mfano katika hatifungani za serikali. Anayetumia mkopo asishuke chini ya riba anayotozwa.

Mashine ya Kibaigwa

Sehemu ya pili ndiyo moyo wa fani, na inaeleweka vizuri kwa mfano mmoja uliofanyiwa hesabu mpaka mwisho. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mazingira yake si ya kubuni. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, amechoka kuuza mahindi ghafi na anataka kukoboa na kusaga sembe. Amekopa milioni 40 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Mgawanyo wake ni huu: mashine milioni 18, banda milioni 12, umeme wa njia tatu milioni 4, kufunga mashine milioni 2, na milioni 4 zinazobaki ni za majaribio na mahindi ya kuanzia. Anataka mashine izunguke ifikapo Juni 1, wakati mavuno yanapoingia sokoni.

Kazi zake ni sita. Kibali cha ujenzi, wiki 3. Kujenga banda, wiki 6, na hawezi kuanza bila kibali. Kuagiza mashine na kuisubiri, wiki 8, na hii anaweza kuianza siku ya kwanza. Umeme wa njia tatu, wiki 9, na tuseme ofisi ya umeme inataka kwanza kuona kibali na kiwanja. Kufunga mashine juu ya zege, wiki 2, baada ya banda kwisha na mashine kufika. Mwisho ni majaribio, wiki 2, ambayo yanataka mashine iliyofungwa na umeme uliowaka.

Zile wiki 9 za umeme hazikuokotwa. Wanafunzi hufundishwa kutoandika muda mmoja kwa kazi wasiyoimudu wenyewe, bali kuuliza mara tatu: mambo yakienda vizuri sana ni wiki ngapi, kwa kawaida ni ngapi, na yakiharibika ni ngapi. Tuseme majibu ni 6, 8 na 16. Ile ya kawaida huzidishwa kwa 4, zikajumlishwa zote, kisha jumla ikagawanywa kwa 6: yaani 6 na 32 na 16 ni 54, gawa kwa 6, unapata 9. Njia hii ilitokana na jeshi la wanamaji la Marekani, ambalo mwaka 1958 liliitumia kupanga mradi wa makombora ya Polaris. Ubaya ukiwa mkubwa kuliko uzuri, kama ulivyo kwa umeme, jibu huvutwa kuelekea ubaya. Mfanyabiashara aliyeandika wiki 8 kwa sababu "kwa kawaida ni 8" amejidanganya kwa wiki moja kabla hajaanza.

Kazi hizo sita zikifanywa moja baada ya nyingine ni wiki 30. Hakuna anayefanya hivyo. Lakini zikipangwa vizuri ni wiki ngapi? Hapa ndipo inapotumika mbinu iliyobuniwa mwaka 1957 na James Kelley wa kampuni ya Remington Rand na Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont, zote za Marekani, kwa ajili ya ujenzi na ukarabati wa viwanda. Kila kazi huchorwa kwa mshale na kuunganishwa na ile inayoitegemea, kisha hutafutwa mnyororo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwa mtu wa Kibaigwa mnyororo huo ni kibali, umeme, majaribio: 3 na 9 na 2, jumla wiki 14. Mnyororo wa banda ni kibali wiki 3, banda wiki 6, kufunga wiki 2, yaani unafika wiki ya 11 wakati umeme unawaka wiki ya 12. Banda lina mwanya wa wiki moja. Mashine yenyewe inafika wiki ya 8, na haihitajiki kabla ya wiki ya 10, kwa hiyo ina mwanya wa wiki mbili. Umeme hauna mwanya hata wa siku moja.

Tazama sasa maana yake kwa mfuko wa mtu. Fundi akija na kusema, "Bosi, niongezee laki tano nimalize banda wiki moja mapema," mwenye mradi asiye na mchoro atafurahi na kulipa. Laki tano hiyo haileti Juni 1 karibu hata kwa siku moja, kwa sababu banda likiisha mapema litakaa gizani likisubiri umeme. Na hata akifanikiwa kuharakisha umeme kwa wiki moja, mradi utapungua kwa wiki moja, lakini kuanzia hapo banda nalo litakuwa halina mwanya, na kuharakisha zaidi kutataka alipie kote kuwili.

Kosa linaloonekana zaidi katika miradi midogo ni la utaratibu tu, wala si la fedha. Mtu hujenga kwanza, na banda likishasimama ndipo anakwenda kuomba umeme. Inaonekana ni busara: umeme wa nini na nyumba haipo? Kwa hesabu za hapa, umeme utaanza kushughulikiwa wiki ya 9, utawaka wiki ya 18, na mashine itazunguka wiki ya 20 badala ya 14. Wiki sita zimepotea na hakuna aliyezembea. Mafundi walifanya kazi, ofisi ya umeme haikuchelewa, mashine ilifika kwa wakati.

Hasara na ukata

Wiki sita hizo zinagharimu kiasi gani? Tuseme mashine inasaga magunia 20 kwa siku, na kila gunia, baada ya kutoa umeme, vibarua na mifuko, linaacha shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa siku, au 360,000 kwa wiki ya siku sita. Kwa wiki sita ni shilingi 2,160,000.

Hapa mwanafunzi mgeni huongeza riba. Milioni 40 kwa asilimia 18 ni milioni 7.2 kwa mwaka, takriban shilingi 138,000 kwa wiki, na kwa wiki sita ni kama 830,000. Halafu anaongeza na mshahara wa mlinzi, na kuandika hasara ya karibu milioni 3 na ushei. Mwalimu humkatia alama. Riba hiyo na mlinzi huyo vingelipwa hata kama mashine ingezunguka kwa wakati, kwa hiyo si hasara iliyoletwa na kuchelewa. Kilicholetwa na kuchelewa ni ile 2,160,000 isiyoingia, basi.

Lakini mwalimu mzuri haishii hapo, na mfanyabiashara naye asiishie hapo. Hizo 830,000 za riba lazima zipatikane, na mashine haizitoi. Zitatoka wapi? Zitatoka dukani, kwenye fedha ya kununulia mahindi, mara nyingine kwenye ada za watoto. Kwa hiyo kuna hesabu mbili na zisichanganywe: hasara ni fedha ambayo hutaipata kamwe, na ukata ni fedha unayodaiwa leo wakati ya kwako haijafika. Biashara nyingi zinazofilisika hazifilisiwi na hasara kwanza. Huuawa na ukata, vitabu vikiwa bado vinaonyesha kwamba mradi ni wa faida.

Baada ya hesabu hii mtu wa Kibaigwa ana kitu ambacho hakuwa nacho, yaani bei ya wiki moja. Ni shilingi 360,000. Akiletewa pendekezo lolote la kusogeza ule mnyororo mrefu mbele kwa wiki moja, iwe ni kukodi injini ya dizeli ya muda au kumlipa fundi umeme aandae nyaya mapema, analipima kwa kiasi hicho. Chini ya hapo anunue. Juu ya hapo akatae, hata kama anayelileta ni shemeji yake.

Bei hiyo pia ndiyo anayoweza kuiandika katika mkataba wa fundi kama fidia ya ucheleweshaji. Wanafunzi husoma kwamba kiasi cha fidia kisiwe cha kutishia tu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania humpa aliyeumizwa fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa katika mkataba. Aliyeandika milioni 5 kwa wiki asitegemee kuzipata zote, lakini aliyeandika 360,000 na kuwa na karatasi ya hesabu inayoonyesha zilivyopatikana ana la kusema mbele ya hakimu.

"Tumefika nusu, bosi"

Ujenzi umeanza. Wiki tatu zimepita kati ya sita. Mwenye mradi anakwenda kukagua, na fundi anamwambia tumefika nusu. Fedha iliyotoka ni milioni 7. Nusu ya milioni 12 ni 6, kwa hiyo amezidisha kidogo, milioni moja, si jambo la kukosesha usingizi. Hivyo ndivyo hesabu ya macho inavyosema.

Hesabu ya darasani inaanza kwa kukataa neno "nusu". Kabla ya kujenga, kazi hugawanywa kwa uzito: tuseme msingi asilimia 25, kuta 35, kenchi na bati 25, sakafu na milango 15. Leo msingi umekwisha, na kuta hazijafika nusu; tuzipe 15 kati ya 35. Jumla ni asilimia 40, wala si 50. Asilimia 40 ya milioni 12 ni 4,800,000. Hiyo ndiyo thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, na imegharimu milioni 7. Mwendo ukiwa huohuo, banda zima litagharimu 12 mara 7 gawa kwa 4.8, yaani milioni 17 na nusu.

Zimezidi milioni 5 na nusu. Kumbuka mahindi ya kuanzia na majaribio yalitengewa milioni 4. Zote zimeingia katika matofali, na bado pengo la milioni moja na nusu. Mashine itakuwa tayari na haitakuwa na cha kusaga.

Muda nao haukubaki nyuma. Kazi iliyotakiwa kufikia nusu imefika asilimia 40, kwa hiyo wiki 6 zitakuwa wiki 7 na nusu. Mwanya ulikuwa wiki moja. Nusu wiki imevuka, na mradi mzima sasa ni wiki 14 na nusu. Banda, ambalo tangu mwanzo halikuwa tatizo, limekuwa ndilo mnyororo mrefu. Ndiyo sababu mchoro haupangwi mara moja na kubandikwa ukutani kama kalenda ya benki. Huchorwa upya kila wiki, na mwenye mradi hutazama ni kazi ipi leo inayoshikilia nyingine zote.

Faida kubwa ya hesabu hii ni siku inapofanywa. Ikifanywa wiki ya tatu ya ujenzi, bado milioni 5 zimo mkononi na kuna la kuamua: kubadili fundi, kupunguza ukubwa wa banda, kuacha sakafu ya nje mpaka mwakani, au kurudi benki mapema na maelezo yanayoeleweka. Ikifanywa siku ya kupaua, kuna kuomba huruma tu.

Yasiyonunulika

Si kila kazi katika mchoro inauzwa. Bwawa la umeme la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipata mkataba wake Desemba 2018, na lilitarajiwa kukamilika Juni 2022. Kujaza maji kulianza Desemba 2022, na umeme wa mtambo wa kwanza uliingia katika gridi mapema mwaka 2024. Katika mchoro wa mradi wa aina hiyo kuna kazi moja ambayo hakuna mkandarasi anayeweza kuilipia mafundi wa zamu ya usiku, nayo ni mvua kunyesha na mto kujaa. Ukikosa msimu, unangoja mwingine.

Kwa mwenye mashine ya Kibaigwa, mvua hiyo ni mavuno. Ndiyo maana tarehe katika mradi wake zinahesabiwa kurudi nyuma. Wiki 14 kabla ya Juni 1 ni Februari 23, na siku hiyo ombi la kibali linatakiwa liwe limeshafika mezani na oda ya mashine imeshatoka. Anayeanza kuzungukia ofisi mwezi Aprili, baada ya Pasaka, ameshachagua kusaga mwishoni mwa Julai au zaidi.

Nani asome

Kwa anayenunua na kuuza tu, hata kama kwa fedha nyingi, shahada hii si ya lazima. Yaliyoelezwa hapo juu, pamoja na kozi fupi ya uhasibu, yatamtosha kwa muda mrefu. Mambo ni tofauti kwa mkandarasi mdogo anayetaka zabuni kubwa zaidi, kwa mwenye kampuni ya usafirishaji inayofungua vituo vipya kila mwaka, na kwa anayeishi kwa kuandaa maandiko ya mikopo. Hao hukutana na kipindi kisicho na mauzo tena na tena. Kwao kukosea kwa wiki sita si ajali ya mara moja. Ni gharama ya kila mradi.

Wapo wanaoifuata shahada kwa ajili ya ajira katika mashirika, na hao wajue kwamba karatasi peke yake haiwafikishi. Cheti kinachotambulika zaidi katika fani hii ni kile cha Project Management Institute, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, ambacho kilianza kutoa mtihani wake mwaka 1984. Hata mwenye shahada hakipati kwa mtihani tu; hutakiwa kuonyesha pia kwamba ameongoza miradi kweli. Hapo mfanyabiashara aliyejenga na kufungua maduka matatu anaweza kuwa mbele ya kijana aliyetoka darasani jana, ila awe ameweka kumbukumbu.

Linabaki lile andiko la mwisho. Shahada yenyewe ni mradi, ina mwanzo, mwisho na bajeti, na jambo la kuchekesha ni kwamba wanaosoma kupanga miradi nao huchelewa kama wengine. Masomo ya darasani huisha kwa wakati kwa sababu ratiba ni ya chuo. Andiko ni la mwanafunzi mwenyewe, na kosa ni lilelile la umeme: mtu humaliza kuandika sura zake tatu za mwanzo ndipo anakwenda kuomba barua ya ruhusa ya kukusanya takwimu, wakati barua hiyo ingeombwa mara mada inapokubaliwa. Kwa anayejilipia, kila muhula wa ziada una ada yake na jioni zake.

Na hizo jioni zina bei. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vingi nchini huanza Oktoba au Novemba, na mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari au Machi. Ni majuma yaleyale ambayo mtu wa Kibaigwa anatakiwa awe katika ofisi za kibali na kwa wauza mashine. Michoro ya miaka ya 1950 haikuliona tatizo hili vizuri, kwa sababu iliunganisha kazi na kazi bila kuuliza nani anazifanya. Ni Eliyahu Goldratt, katika kitabu chake Critical Chain cha mwaka 1997, aliyesisitiza kwamba mtu mmoja akiwa katika kazi mbili kwa wakati mmoja, kazi hizo zinategemeana hata kama mchoro hauonyeshi mshale kati yake. Anayetaka shahada na mashine katika mwaka uleule ana njia mbili: kumpa mdogo wake au mtu anayemwamini kazi ya kibali na umeme kwa barua ya maandishi kabla mitihani haijafika, au kuusogeza mradi hadi mavuno ya mwaka unaofuata na kuacha milioni 40 za benki zikae benki mpaka hapo.